Ndege wa semina wasigeuzwe majina ya watu

Mhariri,

Ofisi nyingi za Nairobi siku hizi huwapeleka wafanyakazi semina ya siku moja, wakajaza dodoso na kutoka wakiwa ndege. Tai huamua haraka. Tausi ana maneno na wateja. Njiwa ni mpole, hapendi ugomvi. Bundi huhesabu na kuhakiki. Jumatatu kazi inakwenda kombo vilevile, ila sasa lawama imepata jina: "Si unajua yule ni tausi!"

Mgawanyo wa namna hii unafuata nyayo za mwanasaikolojia wa Marekani, William Moulton Marston, aliyeeleza mienendo minne ya watu mwaka 1928. Alieleza mienendo tu; madodoso ya kazini ni ya waliokuja baadaye. Na mtu habaki ndege mmoja. Ikikaribia tarehe 9 ya kulipa kodi ya mishahara, au tarehe 20 ya VAT, hata tausi huhesabu senti. Ndiyo maana dodoso hili halifai kuajiri mtu: anayetafuta kazi hujibu anachodhani bosi anataka, na mtajikuta na tai kumi.

Jambo dogo kwa wakufunzi: acheni kumwita mtu bundi. Kwa wengi wetu bundi akilia juu ya paa ni habari ya msiba. Mwiteni mnana, anayefuma kiota jani kwa jani.

Kinachofaa kutazamwa ni pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Chukua duka la uchapishaji lililopata oda ya vipeperushi 3,000. Tausi wa mauzo amemwambia mteja "Ijumaa bila wasiwasi" kabla ya kuuliza kama karatasi ipo. Mnana anayekagua sampuli anaishikilia siku mbili kwa sababu aliambiwa "angalia vizuri", na hakuna aliyemwambia mwisho wa vizuri ni wapi. Tai anachoka kungoja, anaamuru pleti za kuchapia zitengenezwe. Njiwa wa mashine ameona namba ya simu ina tarakimu tisa badala ya kumi, lakini bosi keshasema, naye ananyamaza. Hapo hakuna mvivu wala mjinga hata mmoja.

Dawa yake si semina nyingine. Tausi asitaje siku yoyote kabla ya kujaza mambo matano kwenye karatasi ya oda: idadi, saizi, uzito wa karatasi, rangi upande mmoja au pande mbili, na jina la mtu mmoja wa upande wa mteja atakayeidhinisha sampuli. Huyo wa tano ndiye husahaulika, kisha wanajitokeza watatu, kila mmoja na masahihisho yake. Mnana apewe nusu saa na vitu vya kukagua vilivyotajwa: namba za simu, tarehe, bei, tahajia ya majina. Akiona kosa jingine aliandike pembeni, lakini lisisimamishe kazi mpaka tai alitazame.

Njiwa ndiye anayetaka uangalifu zaidi, maana kosa lake halina kelele. Ukimuuliza "Utaweza?" atajibu "Sawa", na hiyo sawa haina maana yoyote. Muulize: "Una kazi ngapi mkononi, na hii ikiingia leo ipi isogee?" Swali la namba hujibiwa kwa namba. Mkiwa mkutanoni, kila mtu aandike maoni yake kimya kwa dakika tano kabla ya yeyote kufungua mdomo, na tai aseme wa mwisho. Akitangulia, njiwa atakubali na mnana atafunga daftari. Tai wengi hukiona kipengele hiki kigumu kuliko vyote, na ndicho hufa wiki ya pili.

Kuna pia suala la malipo. Kaskazini mwa Kenya, Waborana hufuata ndege anayewaongoza kwenye asali. Utafiti wa Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer, uliochapishwa 1989, ulionyesha kuwa kupata nyuki bila ndege huyo kulichukua wastani wa saa 8.9, na pamoja naye saa 3.2. Ndege anajua nyuki walipo, mtu ana moto na shoka. Mtu huchukua asali, ndege huachiwa nta, nayo ndiyo anayoitaka.

Ofisini wote hugawiwa asali. Kamisheni ya tausi ihesabiwe mzigo ukishafika na kulipiwa, si oda ikiandikwa; ataanza mwenyewe kuuliza karatasi kama ipo. Njiwa aliyekesha na mashine Alhamisi apewe Ijumaa asubuhi akalale. Cheti cha mfanyakazi bora, cha kupokelewa mbele ya watu huku wakipiga makofi, mpeni tausi.

Mkufunzi wa wafanyakazi,
Nairobi