Risala ya banafunzi ba seksio ya labo kwa Muheshimiwa mugeni wetu, Lubumbashi

Muheshimiwa mugeni wetu, Papa Prefe, bazazi na bamwalimu, jambo yenu bote.

Tunakushukuru sana kwa kuacha kazi zako mingi na kufika huku kwetu. Seksio yetu ilianza na banafunzi kidogo tu, leo darasa limejaa mpaka nyuma, na mwaka huu tumefanya kazi kubwa sana, tumepaka rangi labo yote na tumefundisha kartye muzima kuchemsha mayi. Historia njo hiyo.

Sasa shida yenyewe, ni mikroskope yetu, na mufano huu utaonyesha sababu. Kuna amiba, kadudu kadogo sana kasiyoonekana na macho, inaitwa Naegleria fowleri, Fowler na Carter njo baliandika habari yake kule Australia mwaka 1965. Inapenda mayi ya moto isiyo na chumvi, inavumilia mpaka digri 46 hivi. Ukiikunywa haikufanyi kitu, lakini mayi ikiingia mu pua wakati mutu anaogelea ao anasafisha pua, inapanda mpaka ku bongo, na karibu bagonjwa bote banakufa kwa siku chache. Inaanza na kichwa kuuma, homa, kutapika, shingo kukauka, sawa kabisa na meninjiti (ugonjwa wa ngozi inayofunika bongo) ingine, njo maana batu banaikosa.

Kuitambua ni kazi ya labo, Muheshimiwa. Mayi ya mugongo, ile inayozunguka bongo, ikitolewa ku mugonjwa inaangaliwa mbio, ingali na joto, haitiwi mu frigo, na rangi ya Gram, ile ya kutafuta bakteria, haisaidii. Unaweka tone kati ya lame na lamele, vile viyoo viwili vidogo, unaangalia na lensi ya mikroskope inayokuza mara 40, unaiona amiba inatembea. Mutoto moja wa Marekani alipona 2013 sababu balimutambua mapema, bakamupa dawa inaitwa miltefosini.

Lensi yetu ya 40 imeota ukungu. Mikroskope ni moja, kiyoo chake kimepasuka, tunamulika na tochi ya telefone, darasa nzima inapanga foleni na wa mwisho anakuta tone limekauka. Tutapata diplome bila kuona kitu inatembea?

Mugeni wa mwaka jana alisema hapa hapa, mbele ya bazazi, mikroskope itafika mbele ya Noeli. Tulimupigia makofi. Noeli ikapita, Pasaka ikapita, telefone haishikwe. Wewe tunakuheshimu na tunakuamini, njo maana tunaomba kitu kimoja tu, mikroskope mupya yenye taa yake na betri, sababu kuran ya umeme inakatika kila siku. Daftari iko pale mezani kwa Papa Prefe, tunakuomba uandike tarehe na jina la mutu tutakayemufuata, mbele ya kwenda kula.

Ni siye, komite ya banafunzi ba labo.