Paka shume: kundi moja limalizwe kuhasiwa kwanza

Ndugu Mhariri,

Paka shume, yaani paka wasio na mwenyewe, wakizidi sokoni au kwenye viwanja vya hospitali, wengi hukimbilia sumu, au gunia la kuwatupia mbali. Njia zote mbili hazifui dafu. Mabaki ya chakula yaliyowavuta bado yapo, hivyo wageni huhamia na waliosalia huzaa. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huibeba kwa siku 63 hivi, na anaweza kupata nyingine angali ananyonyesha.

Kuwahasi madume na majike, kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa na kuwarudisha palepale kunafaa, ila kwa sharti moja linalopuuzwa: kundi lifanywe karibu lote kwa mpigo. Kuhasi wawili hapa na watatu kule ni kupoteza dawa, kwa kuwa majike wachache waliobaki huziba pengo upesi. Lengo liwe walau robo tatu ya paka wazima, na majike watangulizwe.

Kabla ya kutega, walishwe saa ileile, mahali palepale, kwa wiki moja au mbili, huku kila paka akiandikwa rangi na jinsia. Mkesha wa kutega wanyimwe chakula, lakini maji yaachwe. Aliyeshiba haendi mtegoni hata kwa samaki wa kunukia. Sakafu ya mtego itandikwe gazeti, la sivyo atakanyaga waya na kurudi nyuma. Mlango ukishafunga, mtego ufunikwe mara moja kwa kitambaa kizito. Gizani paka hutulia. Akiachwa wazi hujigonga pua hadi itoke damu. Wala mtego usiachwe bila mtu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ichomwe chini ya ngozi paka akiwa bado amelala kwa dawa ya upasuaji, akiwa ametimiza wiki 12 au zaidi. Itunzwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyoganda imeharibika, hata kama bado inaonekana safi. Hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa muda uliotajwa kwenye lebo, na hapo ndipo miradi mingi hulegea: paka aliyewahi kutegwa ni mjanja. Ndiyo maana ratiba ya kulisha isivunjwe baada ya upasuaji.

Akiwa bado usingizini, akatwe ncha ya sikio la kushoto, kiasi cha sentimita moja, kwa mstari ulionyooka. Bila alama hiyo jike atakuja kupasuliwa tena kutafutwa kizazi kisichokuwepo. Nyuzi ziwe za kuyeyuka zenyewe, maana nani atamshika kuzitoa? Dume huachiwa kesho yake, jike baada ya siku moja au mbili. Anayenyonyesha arudishwe mapema zaidi, mara akizinduka vizuri. Dume huweza kutia mimba wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, basi watoto wakionekana miezi mitatu baadaye tusiseme kazi imeshindikana.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haimponyi paka aliyekwisha kuambukizwa, wala haichukui nafasi ya kuchanja mbwa, ambao ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya kichaa kinachowapata binadamu. Wategaji wenyewe wachanjwe kabla ya kuanza. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Paka huyo asiachiwe: azuiliwe siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo.