Kuhusu ubishi wa longi-snapa

Wadau, habari za jioni. Meseji zimekuwa nyingi tangu jana, nami kama mratibu naomba niseme langu.

Kwa wageni wa futiboli ya Marekani: longi-snapa ndiye anayeinama na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, yadi 15 hivi kwa mpigaji wa panti (teke la kuupeleka mpira mbali kwa wapinzani), au 7 hadi 8 kwa anayeushika ili upigwe teke kati ya nguzo za goli. Basi, kazi yake ndiyo hiyo tu. Kaka aliyeuliza kwa nini timu ya NFL (ligi kuu ya mchezo huu) impe mtu huyo nafasi moja kati ya 53 za wachezaji wake ana hoja.

Ila akumbuke timu ya Steelers, Oktoba 2008, wakiwa nyumbani dhidi ya timu ya Giants. Longi-snapa wao, Greg Warren, aliumia goti. Akaingia James Harrison, ambaye msimu huohuo alichaguliwa mlinzi bora wa ligi. Mpira wake ukapaa juu ya kichwa cha mpigaji, ukatokea nyuma ya uwanja upande wa Steelers wenyewe: pointi 2 za bure kwa Giants, ikawa 14-14, na Giants wakashinda 21-14. (Ndiyo, Steelers walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, msimu ule. Msinirukie.)

Timu ya shule inaweza kumpa kazi hiyo mchezaji wa nafasi nyingine. NFL hapana, kwa maoni yangu.

Jumapili tunaanza saa saba mchana. Nyama ipo, bado tunatafuta wa kuleta mkaa na soda.