Msiwaite wajinga wanaohoji wataalamu

Mhariri,

Kila wananchi wanapopinga kauli ya wataalamu kuhusu sumu au mionzi, gazeti lenu hushauri waelimishwe. Nimekuwa afisa ugani wa mifugo kwa miaka mingi, na naona ushauri huo unawaonea watu. Naomba wasomaji waufahamu utafiti wa Brian Wynne, mtafiti wa sayansi na jamii wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kuhusu wafugaji wa kondoo.

Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka Aprili 1986. Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha milima ya Cumbria, kaskazini magharibi mwa England, ikashusha sesiamu, madini yenye mionzi yaliyotoka kwenye mlipuko huo, kwenye malisho ya kondoo. Serikali ilisema hakuna hatari. Juni ikapiga marufuku kuhamisha na kuchinja kondoo, eti kwa wiki tatu tu. Marufuku ikaongezwa bila kikomo. Mashamba ya mwisho yaliachiwa mwaka 2012.

Wataalamu walikuwa wamepiga hesabu kwa udongo wa mfinyanzi, ambao huing'ang'ania sesiamu isipande kwenye majani. Milimani kule udongo ni wa mboji, tena wenye asidi. Mizizi huifyonza sesiamu, kondoo huila majanini, kinyesi huirudisha ardhini, na mzunguko unaanza upya.

Kinachoniuma zaidi ni jaribio lao la bentoniti, aina ya udongo wa mfinyanzi waliotaka kuona kama utainasa sesiamu. Wataalamu walizungushia uzio vipande vya malisho, wakamwaga bentoniti kwa viwango tofauti, wakafungia kondoo ndani. Wafugaji wakawaambia: kondoo hawa wamezoea kuzurura mlimani, mkiwafungia watadhoofu na vipimo havitakuwa na maana. Nani aliwasikiliza? Jaribio likaja kuachwa kwa sababu ileile waliyoitaja.

Wafugaji hao pia walikuwa jirani na mitambo ya nyuklia ya Sellafield, palipotokea moto mkubwa mwaka 1957. Wakauliza kama mionzi yote kweli imetoka Chernobyl. Wynne hakulichukulia swali hilo kuwa ujinga. Aliwahoji, akaonyesha kuwa shaka yao ilitokana na jinsi taasisi zilezile za serikali na za nyuklia zilivyowatendea tangu zamani.

Kwa hiyo mwandishi wenu akitumwa kwenye mgogoro wa aina hii, amuulize mtaalamu udongo aliopima ni wa wapi. Halafu amfuate mfugaji, amuulize wanyama wake wanalisha wapi.

Afisa mifugo mstaafu