Kuhama mji hakuponyi ugonjwa wa Wilson

Ndugu Mhariri,

Katika mji unaoishi kwa shaba, si ajabu mgonjwa wa Wilson, yaani mtu ambaye shaba humjaa mwilini, akiambiwa kwamba vumbi la mgodi ndilo lililomwingia. Jamaa humpeleka kijijini akapumzike mbali na moshi. Akishapata nguvu kidogo, dawa zinaachwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Ugonjwa huu ni wa kurithi. Baba na mama, wazima wote wawili, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu ya jeni ya ATP7B, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Shaba inayomjaa mgonjwa inatoka katika chakula cha kila siku, kwa kuwa ini lake halina nguvu ya kuitoa kupitia nyongo. Hata akihamia Kasenga, mbali na migodi, akale samaki, shaba itazidi kulundikana katika ini, ubongo na macho. (Vumbi la migodi lina madhara yake, lakini hilo ni shauri jingine.)

Dawa ya zamani ni penisilamini, iliyoanza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1956 na daktari Mwingereza John Walshe. Hunasa shaba na kuitoa kwa mkojo. Mtu mzima kwa kawaida huanzishwa kwa miligramu 250 hadi 500 kwa siku, daktari akimwongezea 250 kila baada ya siku 4 hadi 7 mpaka afike 1,000 hadi 1,500, zikigawanywa mara mbili hadi nne. Imezwe saa moja kabla ya kula au saa mbili baadaye. Ikikutana na bukari (ugali) tumboni, sehemu kubwa haiingii mwilini. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia huizuia vilevile. Huandikwa pamoja na vitamini B6, miligramu 25 hadi 50 kwa siku, maana penisilamini huimaliza. Na kwenye farmasi soma pakiti kabla ya kulipa: penisilini ni antibiotiki, haitoi shaba.

Katika wiki tatu za kwanza inaweza kuleta homa, vipele na tezi kuvimba. Hapa kwetu homa hiyo itaitwa malaria. Ipimwe malaria, ndiyo, lakini anayepima aambiwe kuhusu penisilamini, apime pia chembe za damu na protini ya mkojo. Mkono unaotetemeka kwa sababu ya ugonjwa huu nao unaweza kuzidi mwanzoni, ndiyo maana dozi hupandishwa polepole.

Zinki hufanya kazi kwa njia nyingine: huizuia shaba utumboni isiingie. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 50 mara tatu kwa siku, nusu saa au zaidi kabla ya kula. Hesabu hiyo ni ya zinki yenyewe. Kidonge cha salfeti ya zinki kilichoandikwa 220 kina takriban 50 tu, wakati vile vya 20 wanavyopewa watoto wenye kuhara vimeshahesabiwa zinki yenyewe. Asiyejua tofauti hiyo hukosea dozi mara kadhaa. Zinki na penisilamini zisimezwe pamoja, zinafungana. Daktari akiandika zote mbili, ziachane saa 4 hadi 5.

Kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi ni shaba ya mkojo wa saa 24. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, halafu wote unaofuata unakusanywa katika chombo safi cha plastiki, kamwe si cha chuma, pamoja na ule wa kwanza wa kesho yake. Kwa anayetumia zinki peke yake, kiasi kikipita mikrogramu 75 kwa siku, uliza kwanza kama anameza kweli.

Mwaka wa kwanza wa matibabu mgonjwa aepuke vyakula vyenye shaba nyingi: maini, uyoga, karanga na chokoleti. Sombe (kisamvu) ipikwe bila karanga. Lakini mlo hauchukui nafasi ya dawa. Anayeacha dawa anaweza kufa kwa ini kushindwa, wakati mwingine katika miezi michache tu. Mjamzito pia haachi, daktari humpunguzia penisilamini.

Ndugu wa mgonjwa wa baba mmoja na mama mmoja wapimwe hata kama hawaumwi: seruloplasmini ya damu (protini inayobeba shaba), ini, shaba ya mkojo, na macho kwa mashine ya daktari wa macho. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, seruloplasmini huwa chini kwa kawaida, kwa hiyo arudishwe akishakua.

Mfamasia, Kampemba, Lubumbashi