Kwa wajukuu zangu wa bweni mnaokuja nyumbani Pasaka

Wajukuu zangu wa kidato cha tatu na cha nne,

Mwakeye. Alhamisi jioni mtashuka stendi na mabegi ya nguo chafu, Jumatatu mtakuwa njiani kurudi shule. Wakristo kwa Waislamu mapumziko ni yenu nyote, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka hazimfungi mtu bwenini kwa ajili ya dini yake. Mimi bibi yenu, mwalimu mstaafu wa jiografia na sasa mwanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nina neno kabla hamjafika.

Msije kama wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nimeona mnavyoipigia mahesabu. Ijumaa mtoto amechoka na safari. Jumamosi anapumzisha ubongo. Jumapili sikukuu, Jumatatu anapanda gari, jembe halijamgusa. Kwangu siku ya kwanza ni Alhamisi, mguu ukishakanyaga uwanja wa nyumba. Kwa hiyo Jumamosi ni ya jembe, msinibishie.

Tena Pasaka ina jambo lake hapa ziwani. Tarehe yake hufuata mwezi, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Sasa muulize mvuvi yeyote wa dagaa mwezi mpevu maana yake nini. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, taa haiwakusanyi tena. Kwa hiyo nyinyi mnapoingia, mitumbwi mingi imevutwa mchangani, watu wanashona nyavu, na mama yako ana mzigo wa mwisho wa giza lililopita. Huo ukiharibika, hana wa kuziba pengo mpaka giza lirudi.

Mwaka juzi niliyaona kwangu mwenyewe. Mjukuu wangu wa damu nilimwachia chanja mbili za kuanikia dagaa na turubai la kuwafunikia, nikaenda soko la Mwanga kudai hela yangu. Yeye akakaa upenuni, hedifoni masikioni, macho kwenye simu. Mvua ya Aprili hapa kwetu haibishi hodi. Niliporudi, nimelowa hadi kitambaa cha kichwa, nikamkuta amepiga magoti kwenye tope anaokota dagaa mmojammoja, anawapangusa kwenye fulana yake ya michezo, anawarudisha chanjani kama anapanga penseli. Nilicheka. Kisha nikageuza ndoo nikaikalia, kicheko kikakata. Dagaa akinyeshewa hupoteza ule mng'ao wa fedha, huanza kunuka, na mnunuzi anamjua hata akiwa ndani ya gunia. Wote wakaenda kwa mfuga kuku, kwa bei ya pumba. Ndimo ilimokuwa nauli yake ya kurudi shule, na alijua. Sikumchapa. Nilikopa kwa jirani akaenda, na deni lile nilimaliza kulilipa naye ameshafanya mtihani wa muhula.

Simu sitaitukana. Bwenini hamruhusiwi nayo, na miezi yote ile bila habari za dunia ni kiu ya kweli. Ichukueni Ijumaa, mshindane nayo mpaka chaji iishe. Jumamosi asubuhi iwe kabatini na mtu awe chanjani, akigeuza dagaa, jicho moja likiwa kwenye mawingu. Ambao kwenu si wavuvi, mnajua kazi za kwenu: kuna mise, kokwa za michikichi, ya kubeba, kuna mawese ya kupika, kuna mdogo wako anayetaka kufundishwa hesabu za sehemu na hajui amuulize nani.

Madaftari nayo. Wengine hubeba begi zima wakalirudisha zipu haijafunguliwa. Beba mada moja tu, ile iliyokushinda, nyingine ziache shule. Jiografia mniachie mimi. Jioni kaeni juu ya jiwe, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, mjiulize kwa nini Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi ilhali Victoria, kubwa lile, halifiki hata mita 90. Bonde la Ufa mnalikariri kwenye makaratasi na mmelikalia! Kijana mmoja wa kidato cha nne nilimuuliza ni mto gani unaotoa maji ya ziwa letu, akanijibu Malagarasi. Malagarasi unaleta, baba. Unaotoa ni Lukuga, kule upande wa Kongo. Na kwa kina hicho, mtumbwi msiupande bila jaketi la kuokolea, hata kama nahodha ni mjomba wako.

Kuna jingine, na hili ndilo nalitaka zaidi. Bwenini kwenu atabaki mtu. Kwao Kakonko, au mbali kuliko hapo, nauli ya kwenda na kurudi kwa siku nne haipo, na anajifanya hajali. Mimi nilikuwa huyo. Nilisoma bweni Tabora, kwetu Ujiji, na treni ilikula usiku kucha kwenda na usiku kucha kurudi. Pasaka yangu ya kwanza nilikaa kitandani nikihesabu mabati ya dari, mpaka rafiki yangu akarudi kutoka getini kunivuta mkono. Mama yake, Mnyamwezi wa maneno machache, hakuniuliza kabila wala dini. Alinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga kwenye ungo, nikala, akaniongeza, kisha akanionyesha kisima kilipo na ndoo ilipo. Nilifurahi kwa ile ndoo kuliko kwa chakula.

Basi mleteni. Mwombeeni ruhusa kwa matroni mapema, wiki moja kabla, msisubiri Alhamisi watu wakiwa getini.

Jumamosi nitakuwa Kibirizi tangu alfajiri, nina turubai moja na magoti yasiyokunjika vizuri. Watakaokuja kabla jua halijapanda watakuta chai ya tangawizi. Watakaochelewa watakuta birika la kuosha.

Bibi yenu