Picha zirudi kwa waliopigwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zetu wanaokuja Kigoma kutafuta asili yao. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na baada ya wenye mashamba ya mkonge kuunda SILABU, ofisi yao ya vibarua, mwaka 1944 ili kuajiri watu mikoani, vijana wengi wa Kiha walikwenda umanamba, yaani kazi ya mkataba mashambani, Tanga na Morogoro, na baadhi yao hawakurudi. Wajukuu wao ndio wanaokuja sasa, simu nzuri mkononi, lakini hawamjui shangazi wala baba mdogo.

Mara nyingi mgeni akishafika ukoo hupangwa mbele ya nyumba, picha hupigwa, na jioni husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mzee asiye na simu janja haioni tena sura yake. Hapo, kwa maoni yangu, mgeni amechukua tu.

Afadhali aje na picha za kwao: babu akiwa shambani Muheza, bibi siku ya harusi, hata ile ndogo ya kitambulisho iliyokunjika. Mzee anayejibu kwa mkato akiombwa kusimulia habari za ukoo, akishika picha huanza mwenyewe: huyu ana paji la uso la kaka yangu, huyu aliondoka na nani, barua zilikoma lini. Yapo pia yanayouma, kama mke aliyeachwa huku na watoto, nayo yasiharakishwe. Akiridhia, sauti yake irekodiwe. Ndipo zinakiliwe na picha za mwenyeji, kivulini karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu wala kuzibandua kwa nguvu kwenye albamu za gundi.

Baadaye zote zisafishwe studio, majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini kwa kuwa wino huweza kupenya na kuchafua sura, na kila aliyepigwa apelekewe nakala yake, hata kwa kumpa msafiri wa basi. Anayepokea picha hupata sababu ya kupiga simu, japo kulalamika kwamba jina la marehemu mumewe limekosewa, na mazungumzo ya namna hiyo huzidi salamu za sikukuu.

Nawe, Mhariri, nakuomba utenge kona ya picha za zamani za manamba, kwa idhini ya wenye nazo, ili wasomaji wa Tanga, Morogoro na Kigoma wasaidiane kuwatambua waliomo.

Msomaji wako,
Kasulu, Kigoma